Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na malikale: mapigano ya Majimaji yafundishwe kama mapigano

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya elimu na ya maliasili na utalii. Kwa watunzi wa mitaala na mitihani. Kwa wasimamizi wa makumbusho na malikale. Na kwa Wakuu wa Mikoa ya Lindi, Pwani, Morogoro, Ruvuma na Njombe.

YAH: VITA VYA MAJIMAJI NA VIWANJA VYAKE

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Nimezaliwa wilayani Liwale na nimefundisha sekondari miaka 31, yote katika mikoa ya kusini. Nikikutana na wanafunzi wangu wa zamani sokoni au stendi ya mabasi, wengine wakiwa na wajukuu mgongoni, bado wananiamkia "shikamoo mwalimu". Sina cheo, sisemi kwa niaba ya chama chochote, na siombi msaada kwa ajili yangu. Naomba jambo moja: vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, dhidi ya utawala wa Wajerumani, vifundishwe kama vita. Watoto wajue palipopiganwa ni wapi, siku ipi, nani alikuwa upande upi, alikuja kwa njia gani, alikosea wapi, na baada ya kukosea alifanya nini. Mtoto wa Kitanzania anamaliza kidato cha nne akijua kulikuwa na maji ya dawa na kwamba maji hayo hayakufua dafu mbele ya risasi. Basi, hapo ndipo elimu yake ya Majimaji inapokomea.

Mwaka mmoja nilikuwa miongoni mwa walimu waliosahihisha mtihani fulani. Tulipewa mwongozo wenye majibu yanayokubalika kuhusu sababu za Waafrika kushindwa: silaha duni, ukosefu wa umoja, imani za kishirikina. Alama moja, moja, moja. Karatasi moja ilikuwa ya mtoto mwenye mwandiko mzuri wa kulala, kila mstari umenyooka kama umepigiwa rula. Aliandika kwamba mababu zetu walishindwa kwa sababu hawakuwa wamesoma, kwa hiyo walidanganywa na mganga. Nikampa alama yake, kwa kuwa mwongozo ndivyo ulivyotaka. Ile alama bado naiona. Mwaka uliofuata, darasani kwangu mwenyewe, msichana mmoja wa kidato cha pili alinyoosha mkono akauliza, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, kwa hiyo mababu zetu walikuwa wajinga?" Darasa likanyamaza. Kengele ikalia kabla sijapata jibu la kueleweka, na nakiri nilishukuru kusikia kengele.

Barua hii ni jibu langu kwa yule msichana. Nawaandikia ninyi kwa sababu yeye alikuwa anarudia tu kile ambacho sisi wakubwa tulikuwa tumemwandikia.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto mdogo wakati wa vita vile. Hakuhesabu miaka kwa tarakimu. Kwake kulikuwa na "kabla ya njaa" na "baada ya njaa". Alinifundisha kuchimba ming'oko porini: unafuata mtambaa wake uliokauka mpaka pale unapozama ardhini, unachimba kwa mti uliochongwa ncha, polepole, usikikate kiazi, kwa sababu kipande kinachobaki chini ni mlo wa mtu. Sisi wajukuu tulikula ming'oko kwa raha, ya kuchemsha, tukachovya chumvi na pilipili. Yeye alikuwa anakaa pembeni anatutazama. Siku moja alisema mama yake aliishi kwa hicho kiazi misimu miwili. Alikuwa anataja majina ya vijiji ambavyo sikuwahi kuviona, kwa kuwa havipo tena. Lakini maji? Sikumsikia akiyataja hata mara moja. Alikuwa akitaja watu, njia, mito, na nani aliingia porini na hakurudi.

Nimekuja kuelewa baadaye kwamba bibi alikuwa anasimulia vita, na mimi darasani nilikuwa nasimulia maji.

Waheshimiwa, turudi mwanzo wake. Vita havikulipuka kama moto wa nyikani. Kuanzia mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliweka mashamba ya pamba ya pamoja, ambayo watu walilazimishwa kulima siku 28 kwa mwaka chini ya jumbe na akida, maofisa wa ngazi ya chini wa serikali hiyo, kwa malipo ambayo yalikuwa kama matusi. Kabla ya hapo ilikuwepo kodi ya nyumba ya rupia 3. Na kiboko. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, karibu na mto Rufiji, yule mganga aliyegawa maji, akaanza kupokea watu waliotoka mbali kumsikiliza. Kitu ambacho vitabu vyetu vya shule hukitaja kwa sentensi moja, au hukiruka, ni kile kilichofanyika kabla ya risasi ya kwanza. Habari zilipita kwa mnong'ono kutoka mtu hadi mtu, na Wamatumbi walikuwa na jina lake: njwiywila. Pale Ngarambe watu walifanyishwa mazoezi ya kupiga kwata, nayo yalikuwa na jina: likinda. Halafu wakaambiwa warudi makwao, walime, wasubiri amri. Watu waliotengeneza mtandao wa siri, wakafanya mazoezi, wakapanga kusubiri amri moja, ndio hao mwongozo wa kusahihisha unaosema walikosa umoja! Vita hivi viliunganisha makabila zaidi ya 20, watu ambao kabla yake hawakuwahi kupigana bega kwa bega, na wengine walikuwa wameibiana ng'ombe na wanawake kizazi kilichotangulia. Yale maji yenyewe, yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, yalifanya kazi ambayo hakuna mtemi mmoja angeweza kuifanya: Mmatumbi, Mngindo, Mpogoro na Mngoni kila mmoja alikunywa kiapo kilekile. Mwalimu anayefundisha maji bila kufundisha hilo anafundisha nusu yake iliyo rahisi kuchekwa.

Julai 1905, pale Nandete katika milima ya Umatumbi, amri haikusubiriwa tena. Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia shamba la pamba wakang'oa mashina. Waliochoka kusubiri walijua wanachokifanya: kung'oa pamba ya serikali mchana kweupe kulikuwa ni kutangaza vita, na ngoma zikalia kupeleka habari milimani. Akida wa Kibata akazingirwa, akakimbilia pwani. Wapiganaji wakateremka hadi Samanga, kituo cha biashara, wakakichoma.

Agosti 4, Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Naomba tarehe hii ikolee kwa wino kwenye vitabu vipya. Kama vita hivi vingekuwa ni vya mganga na wafuasi aliowadanganya, vingekwisha siku hiyo. Havikwisha. Karibu kila jambo kubwa ninalolisimulia kuanzia hapa lilitokea baada ya kamba ya Mohoro.

Kwetu Liwale ilikuwa katikati ya Agosti. Abdallah Mapanda na Wangindo waliliangusha boma la Liwale, likachomwa moto, sajini wa Kijerumani aliyeliongoza akauawa. Siku zilezile, Agosti 14, Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini na wenzake wanne, mabruda wawili na masista wawili, waliuawa wakiwa safarini kutoka pwani kupitia nchi yetu. Nayo hii ifundishwe bila kupakwa rangi, maana vita ni vita na watoto wana haki ya kuiona sura yake yote. Lakini fikirini maana ya boma kuanguka. Boma lilikuwa ni serikali: kodi ililipwa pale, kiboko kilipigwa pale, watu walifungwa pale. Babu zetu waliliondoa, na kwa muda Wajerumani hawakuwa na mamlaka katika nchi kubwa iliyo kati ya Rufiji na Ruvuma isipokuwa pale walipojifungia. Ifakara nayo ilivamiwa, na kikosi kidogo kilichokuwepo kikamalizwa.

Sasa niwapeleke Mahenge, maana naamini hapo ndipo somo lote lilipo.

Nilifika Mahenge mara ya kwanza nikiwa kijana, enzi za kuvuka Kilombero kwa kivuko, daraja halijajengwa. Kutoka Ifakara unakatiza bonde lile tambarare la mpunga, joto linakuunguza, halafu gari linaanza kupanda. Inapanda, inazunguka, masikio yanaziba. Ukifika juu ni baridi na ukungu. Niliuliza wenyeji vita vilipiganwa wapi. Kila niliyemuuliza alinyoosha mkono upande wake. Mzee mmoja aliniongoza hadi penye mawe, akaniambia nisimame pale, kisha yeye akarudi nyuma hatua kadhaa akasema: "Umbali ndio huu. Walifika hapa."

Agosti 30, 1905, ndani ya boma la Mahenge alikuwemo Kapteni von Hassel na askari wake wachache, wamisionari waliokimbilia humo kutoka vituo vyao, na bunduki mbili za bombomu, zile zinazofyatua risasi mfululizo. Waliokuja kulishambulia walikuwa maelfu. Mpango ulikuwa waje kwa pande mbili, Wapogoro upande mmoja na Wambunga upande mwingine, boma libanwe katikati. Pande zile mbili hazikufika kwa wakati mmoja. Kundi la kwanza lilitokea likiwa limejipanga safu, likatembea. Mmisionari aliyekuwa ndani ya boma aliandika alichokiona: safu zilikuwa zinapungua, watu wanaanguka, lakini waliobaki waliendelea kusogea kwa mpangilio kwa muda wa kama robo saa ndani ya mvua ya risasi. Robo saa. Wekeni saa mezani mbele yenu, waheshimiwa, mtazame mshale wa dakika ukitembea mara 15. Ndipo safu zikavunjika, watu wakajificha nyuma ya mawe madogomadogo yaliyotapakaa pale. Boma lilipoanza kudhani limepona, zikapigwa kelele kwamba adui mpya anakuja upande wa pili. Hao walikuwa zaidi ya 1,200. Walikimbia wakapita kati ya nyumba, wakapanda barabara ya kwenda bomani. Wa mbele kabisa walianguka wakiwa wamebakiza hatua tatu kuufikia mstari wa wapiga risasi.

Hatua tatu ni kutoka ubaoni hadi dawati la mbele. Nilikuwa nawaonyesha wanafunzi kwa miguu yangu: moja, mbili, tatu. Darasa lenye watoto 60 linakuwa kimya kuliko siku ya mtihani.

Nilipowafundisha hivyo, maswali yalibadilika. Hakuna aliyeuliza tena kama mababu walikuwa wajinga. Waliuliza: kwa nini kundi la pili lilichelewa? Nani alibeba ujumbe kati ya makundi yale mawili? Kama wangefika pamoja, bombomu mbili zingeelekezwa wapi? Kijana mmoja, ambaye hisabati ilikuwa inamtesa, alichora kilima, akachora boma, akapiga mistari ya risasi kwa rula, akaniambia: "Mwalimu, wangekuja usiku." Hiyo ndiyo historia, waheshimiwa. Mtoto anafikiri kama kamanda, anamheshimu aliyepigana, na papo hapo anaona kosa lake. Hakuna mwongozo wa kusahihisha uliowahi kuwa na nafasi ya kumpa kijana yule alama.

Na baada ya Mahenge? Hapa ndipo hoja ya ushirikina inapokosa miguu ya kusimamia. Kuanzia mchana ule wa Agosti 30, mtu yeyote aliyenusurika alikuwa anajua, kwa macho yake, kwamba risasi haikugeuka maji. Habari hiyo haikuwa siri. Hata hivyo boma liliendelea kuzingirwa mpaka Kapteni Nigmann alipofika kutoka Iringa mwezi Septemba na kuliokoa. Wabena walishambulia misheni ya Yakobi Septemba hiyohiyo. Wangoni waliingia vitani baada ya Mahenge, si kabla. Watu hawa walipigana karibu miaka miwili wakiwa wanajua. Walipigana kwa sababu ya pamba, kodi na kiboko, na kwa sababu hawakumpa mtu yeyote ridhaa ya kuwatawala. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1956 kudai uhuru wa Tanganyika alivitaja vita hivi kwa sababu hiyohiyo, na wala hakuvionea haya.

Wangoni walipata pigo lao Namabengo, Oktoba 21, 1905, kambi yao iliposhambuliwa na kikosi cha Nigmann. Tangu hapo hawakujikusanya tena kwa wingi uwanjani. Wakagawanyika makundi madogo, wakaingia milimani na misituni, wakavizia. Chabruma, mmoja wa watawala wao, aliendelea hivyo mpaka akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Mapanda wetu naye alikuwa porini. Kule Umatumbi mapango yaligeuka maficho, na wazee wa Kipatimu bado wanalisimulia pango la Nang'oma. Kwa lugha ya leo tungesema walihama kutoka vita vya safu kwenda vita vya msituni ndani ya miezi mitatu tu. Jeshi lolote duniani likibadili mbinu kwa haraka hiyo litaandikiwa sifa. Sisi tumeandika "silaha duni".

Lipo na jambo la upande wetu ambalo silipendi lakini sitaki lifichwe. Si kila mtu aliingia vitani. Kiwanga wa bonde la Kilombero alikuwa upande wa Wajerumani, na Wahehe wengi pia, miaka michache tu baada ya Mkwawa. Askari waliokuwa wakifyatua na ruga-ruga, wapiganaji wasaidizi wa Wajerumani, waliochoma maghala walikuwa Waafrika wenzetu. Watoto wakubwa wanaweza kulibeba hilo. Kulificha ndiko kunakowafanya, siku wakiligundua, wasituamini kwa mengine.

Halafu njaa. Oktoba 1905 kapteni mmoja, von Wangenheim, aliiandikia serikali yake kwamba mapigano pekee ni kama tone baharini, kwamba njaa na ufukara ndivyo vitakavyowafanya watu wasalimu amri. Gavana von Götzen akatuma vikosi. Vijiji vikachomwa, maghala yakachomwa, mazao yakakatwa shambani au yakachukuliwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyezunguka vijiji hivi kuwasikiliza wazee, aliweka makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000. Wazungu waliouawa kwa vita vile vyote walikuwa 15. Mashamba ya Wangindo yaligeuka pori, tembo wakarudi, na sehemu kubwa ya nchi ile baadaye ikawa hifadhi ya wanyama ya Selous. Leo mgeni analipa fedha za kigeni kutazama tembo kwenye nchi iliyokuwa na watu, na hakuna anayemwambia kwa nini hakuna watu. Sisemi hifadhi ifungwe. Nasema mwongoza watalii ajue, na amwambie mgeni.

Njaa hii ndiyo iliyowashinda mababu zetu. Bibi alijua. Ming'oko ile ilikuwa ndiyo maelezo kamili ya jinsi vita vilivyokwisha, na mimi niliila na chumvi bila kuelewa.

Waheshimiwa, sitaki mnidhanie sioni yaliyofanyika. Songea kuna makumbusho, na kila Februari 27 watu wanakusanyika pale kuwakumbuka mashujaa 67 walionyongwa siku hiyo mwaka 1906. Nduna, yaani jemadari wa Wangoni, Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye na ana kaburi lake, ingawa kichwa chake kinaaminika kilichukuliwa kwenda Ujerumani. Mkomanile, mwanamke pekee katika orodha ile ya walionyongwa, anakumbukwa. Nimesimama pale mara nyingi, nimepeleka wanafunzi, nimelia. Novemba 1, 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama palepale akaomba msamaha kwa yale ambayo nchi yake iliyatenda. Nilifuatilia redioni. Lakini Songea ni mahali pa kunyongwa. Tukiishia hapo, tunawaonyesha watoto mababu zao wakiwa na kamba shingoni tu. Wapelekeni na pale walipokuwa na mkuki mkononi.

Kuna mlima wilaya ya Lindi unaitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, njaa ikiwa bado haijasahaulika midomoni mwa watu, Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, tani zaidi ya 200, na wapagazi wa nchi hiyohiyo wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama wale amesimamishwa Berlin, mrefu kuliko nyumba, kila mfupa una namba yake. Mifupa ya miaka milioni 150 ina namba. Waliofia Mahenge wako chini ya mashamba na nyua za watu, na mkulima akikuta kitu wakati wa kulima hana hata mtu wa kumwuliza.

Ndiyo maana naomba hivi. Somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, limefika wakati mwafaka. Ndani yake wekeni ramani ya mapigano: Nandete, Samanga, Liwale, Ifakara, Mahenge, Yakobi, Namabengo, na tarehe zake. Si ramani ya makabila yaliyoasi yenye rangi ya kijivu. Ramani ya njia, mito na maboma, inayoonyesha nani alitoka wapi kwenda wapi. Mtihani uulize: kwa nini mpango wa Mahenge haukufaulu? Wangoni walibadili nini baada ya Namabengo? Na mtoto akiandika kwamba maji yaliwaunganisha watu, apewe alama ya kuunganisha, isiwe ya ushirikina.

Malikale, tumeni watu viwanjani. Hatuhitaji sanamu ya shaba kila mahali, wala sherehe ya kukata utepe. Jiwe lenye tarehe na maneno manne ya Kiswahili linatosha, na mtu wa serikali ya kijiji aliyepewa mafunzo ya wiki moja ya kumwelezea mgeni. Pale Mahenge pimeni uwanja kabla nyumba hazijaumaliza. Mji unakua, na mawe yale madogo ambayo watu walijificha nyuma yake yanapondwa kokoto. Nimeyaona mafungu yake kando ya barabara.

Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee waliokuwa bado wanavikumbuka vita hivi. Ile ni hazina ambayo haitapatikana tena, kwa sababu waliohojiwa wote wametangulia mbele ya haki. Masimulizi yale yachapwe kwa Kiswahili chepesi, yafike katika maktaba ya kila shule ya sekondari kuanzia Rufiji hadi Ruvuma, ili mtoto wa Kibata asome maneno ya mzee wa Kibata. Nilifundisha miaka 31 na sikuwahi kuwa nayo kabatini kwangu. Niliyoyapata niliyapata kwa kuazima, nikanakili kwa mkono kwenye daftari la kurasa 96, na daftari lile limepita mikononi mwa walimu wengine watano hadi jalada limetoka.

Kwa Wakuu wa Mikoa nina ombi dogo lisilohitaji bajeti. Watoto wa wale waliohojiwa mwaka 1968 bado wapo, wengi wana miaka 80 na kuendelea. Kila kata ina afisa mtendaji, na kila afisa mtendaji ana simu yenye kinasa sauti. Atenge siku moja. Aende na kilo ya sukari, aketi mkekani, aulize: mlikaa wapi kabla ya njaa? Asiulize kuhusu maji. Aache mzee aseme.

Yule msichana wa kidato cha pili ni mwalimu sasa, tena wa historia, katika shule moja ya kata. Tumekubaliana kwamba Agosti 30 ijayo tutapandisha wanafunzi wake 40 Mahenge kwa basi la kukodi, wazazi wamechanga nusu ya nauli. Tutaanzia bondeni asubuhi ili waone mlima ulivyo kutoka chini. Juu tutawapanga safu, tutatembea robo saa kwa saa ya mkononi, na mwisho kila mmoja atapiga hatua tatu. Nawaalika. Hakuna meza kuu wala viti. Mje na viatu vya kutembelea na sweta, kule juu kuna baridi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa historia,
Liwale